Moyo Unaoenda Mbio: Dawa Huanza na Kipimo

Mgonjwa akiniambia, "Daktari, moyo unanienda mbio," kabla sijampandisha kitandani namwomba jambo moja: "Nigongee mezani, vilevile unavyousikia." Wengine hugonga taratibu, wakanyamaza kidogo, kisha wakapiga kishindo kimoja. Wengine hugonga haraka haraka bila kukosea, kama cherehani. Na wapo ambao vidole vinapotea njia kabisa: viwili, kimoja, vinne, kimya, vitatu. Midundo hiyo mitatu kwa kawaida ni matatizo matatu tofauti, na dawa zake hazifanani hata kidogo.

Siku moja alikuja mama anayeuza chakula stendi. Alimimina mezani vilivyokuwa kwenye pochi yake: propranolol, dawa ya kupunguza mapigo, aliyopewa na jirani, diazepam ya kutuliza kutoka duka la dawa, aspirini, vitamini, na vidonge vya vidonda vya tumbo. Miaka mitatu moyo ulikuwa ukimwendesha. Mara aliambiwa ana presha ya kupanda, mara ya kushuka, mara ni mawazo. Nilimuuliza kama amewahi kupimwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Ndiyo, mara mbili, na zote zilikuwa nzuri. Na moyo ulikuwa ukienda mbio wakati huo? Hapana, ulikuwa umeshatulia.

Hapo ndipo watu wengi wanapokwama. ECG ya kawaida huchukua sekunde chache tu. Ikipigwa moyo ukiwa umetulia inatuonyesha moyo uliotulia, na mgonjwa anarudi nyumbani na neno "mzima" wakati usiku atakaa macho tena. Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni hili: moyo ukianza, nenda kituo chochote kilicho karibu chenye mashine ya ECG, upimwe palepale, na uombe nakala. Ile karatasi ya miraba midogo ina thamani kuliko maelezo ya kurasa kumi. Wino wake hufifia kadiri miezi inavyopita, kwa hiyo ipige picha kwa simu. Kama tatizo linakuja karibu kila siku, zipo mashine za kuvaa kifuani saa 24 au 48 zinazorekodi kila pigo.

Wenye mashine ya presha nyumbani wana msaada mwingine wasioutazama. Kwenye kioo kuna namba tatu. Watu husoma mbili za juu, wakaiacha ya chini. Ile ya chini ndiyo idadi ya mapigo kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Iandike, pamoja na saa ilipoanza na ilipoisha. Kama mapigo yanakuja ovyo mashine inaweza kukosea, basi hesabu kwa vidole kwenye kifundo cha mkono, dakika nzima.

Sasa turudi kwenye meza. Ule mdundo wa kunyamaza kisha kishindo mara nyingi ni pigo la ziada. Linakuja kabla ya zamu yake, moyo unapumzika kidogo, damu inajaa zaidi ya kawaida, na pigo linalofuata linakuwa zito. Mgonjwa husema moyo "umeruka" au "umesimama", ingawa haukusimama. Karibu kila mtu huyapata wakati fulani. Moyo ukiwa mzima, mara nyingi hatutoi dawa yoyote, na najua mgonjwa hapendi kusikia hivyo. Lakini tuna sababu nzito. Miaka ya 1980 madaktari waliwapa watu waliopona shambulio la moyo dawa za kuzima mapigo ya ziada. Dawa zilifanya kazi, mapigo yale yakapungua. Lakini mwaka 1989 matokeo ya utafiti uitwao CAST yalionyesha kwamba waliokunywa encainide na flecainide walikufa wengi zaidi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani yake. Tangu hapo tunajua kuwa kunyamazisha dalili ni kitu kimoja, na kumlinda mwenye moyo ni kingine.

Mara nyingine moyo wenyewe hauna kosa. Unakimbia kwa sababu mwili unauhitaji. Upungufu wa damu ni wa kwanza kuufikiria, hasa kwa mama mjamzito au anayetokwa na hedhi nyingi: damu ikiwa chache, moyo unaizungusha upesi zaidi. Huyo anahitaji kujua damu inapotelea wapi na kutibiwa upungufu wenyewe, na moyo hutulia bila kidonge cha moyo. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huja na mikono inayotetemeka, kusikia joto wakati wengine wamejifunika, na kukonda huku mtu anakula vizuri. Hapo propranolol husaidia kwa muda, ila tiba ni ya tezi. Homa na kuharisha navyo huupeleka moyo mbio. Kuna pia tunavyoingiza wenyewe: mirungi, vinywaji vya kuongeza nguvu, pombe, dawa za mafua zenye pseudoephedrine, hata salbutamol ya pumu. Usiache salbutamol kwa sababu ya mapigo. Mweleze daktari.

Kuhusu "ni mawazo tu": hofu huweza kweli kuupandisha moyo, na wenye tatizo hilo wanastahili tiba kamili. Lakini neno hilo hutolewa upesi mno, hasa kwa wanawake. Moyo unaopiga 180 ghafla utamtia hofu mtu yeyote, kwa hiyo hofu yenyewe haithibitishi kuwa chanzo ni hofu.

Mdundo unaonisumbua zaidi ni ule wa ovyo. Vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kusukuma, damu inatuama, bonge linaweza kuganda na kusafiri hadi kwenye ubongo. Huo ni mlango wa kiharusi. Huko Ulaya ugonjwa huu huonekana zaidi kwa wazee. Kwetu Afrika Mashariki tunaukuta pia kwa vijana, ambao walipokuwa wadogo waliumwa koo, baadaye viungo, na mwisho valvu za moyo, yaani milango yake ya kupitishia damu, zikakakamaa bila wao kujua. Kwa hao, dawa muhimu kuliko zote haigusi mapigo kabisa. Inazuia damu kuganda.

Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti uitwao INVICTUS, uliofanywa katika nchi 24 kwa zaidi ya wagonjwa 4,500 wenye moyo wa namna hii uliotokana na homa ya baridi yabisi, ile inayoanzia kooni. Ulilinganisha warfarin, dawa ya zamani inayohitaji kupimwa damu mara kwa mara, na rivaroxaban, dawa mpya isiyo na usumbufu huo. Waliokunywa warfarin walikufa wachache zaidi. Nalitaja hili kwa sababu wagonjwa wengi huniomba "ile dawa mpya" wakidhani ya bei kubwa ndiyo bora. Kwa wenye valvu zilizobanwa hivi, hiyo ya zamani ndiyo bora. Sharti lake ni kipimo cha damu kiitwacho INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, ambacho kwa wengi wao tunataka kibaki kati ya 2 na 3. Mchicha, kisamvu na matembele vinashusha nguvu ya dawa. Usiviache, kula kwa kiasi kilekile wiki zote. Rifampicin ya kifua kikuu huishusha sana. Metronidazole na fluconazole, zinazonunuliwa kirahisi dukani, huipandisha hadi mtu akatokwa damu. Na mwanamke anayetarajia kupata mimba azungumze nasi mapema, kwa sababu warfarin inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Hakuna kidonge cha mapigo kinachomfaa kila mtu. Propranolol inaweza kumbana pumzi mwenye pumu. Aliyeizoea akiiacha ghafla, mapigo hurudi kwa kishindo. Verapamil hutuliza mapigo ya cherehani, lakini moyo wenye njia ya ziada ya umeme kati ya vyumba vya juu na vya chini unaweza kuhatarishwa nayo. Dalili ya njia hiyo mara nyingi huonekana kwenye ECG ya moyo uliotulia, ndiyo maana nayo tunaihitaji. Amiodarone ina nguvu, na ina ayodini nyingi, kwa hiyo anayeitumia apimwe tezi na ini kila baada ya miezi sita, na kikohozi kipya asikipuuze. Kwa hiyo, dawa ya jirani iache kwa jirani, hata kama dalili mnazielezea kwa maneno yaleyale.

Ukizimia wakati moyo unakimbia, ukibanwa na kifua, ukikosa pumzi, mdomo ukipinda au mkono ukilegea, nenda hospitali saa hiyohiyo. Vivyo hivyo kama mapigo huja ukiwa katikati ya mazoezi, au kama katika ukoo kuna kijana aliyeanguka na kufa ghafla, usingoje tarehe ya kliniki.

Yule mama aligonga mdundo wa cherehani. Ulianza ghafla akiinama kuinua sufuria, ukaisha ghafla kama mtu aliyezima taa. Wiki tano baadaye alirudi na karatasi kutoka zahanati ya mtaani kwao: mapigo 190 kwa dakika, yamepangana sawasawa. Umeme ulikuwa unazunguka kwenye kitanzi. Nilipomhoji zaidi alikumbuka kwamba utotoni alikuwa na pumu, na kwamba usiku aliokunywa kidonge cha jirani kifua kilimbana. ECG yake ya kawaida haikuonyesha njia ya ziada. Tukachagua verapamil, na tukazungumza pia juu ya kuchoma kitanzi hicho kwa waya unaopitishwa kwenye mshipa wa paja, tiba ambayo huweza kumaliza tatizo moja kwa moja.

Tulimfundisha pia namna ya kuuzima mwenyewe, baada ya kuhakikisha inamfaa. Anaketi akiegemea nyuma, anapuliza ndani ya bomba la sindano la mililita 10, lisilo na sindano, hadi kisukumio kisogee, kwa sekunde 15. Kisha analala chali mara moja na binti yake anamwinua miguu kwa sekunde 15 nyingine. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2015, njia hii iliurudisha moyo sawa kwa watu 43 katika kila 100, wakati kupuliza bila kuinua miguu kulisaidia 17. Ikishindikana, anakwenda zahanati. Bomba lenyewe analiweka kwenye droo ya pesa pale anapouzia chakula, pamoja na nakala ya ile karatasi.