Sweta ya mwezi wa Oktoba

Lubumbashi, Oktoba, mvua bado haijaanza, joto halivumiliki. Msichana mmoja wa mtaa wa Katuba havui sweta hata saa sita mchana. Siku mama yake mdogo anapoona mkononi mwake makovu ya kujiumiza mwenyewe, majirani wanatoa hukumu ile ya siku zote: "Anataka tu aangaliwe."

Sasa, anayetaka kuangaliwa atajifunika kwa nini? Vijana wengi wanaojiumiza hufanya kwa siri, na mara nyingi si kwa nia ya kufa. Wanatafuta kutuliza hisia zilizowazidi nguvu: hasira, aibu, au ule ubaridi wa kutohisi chochote. Nafuu ni ya muda mfupi, ndiyo maana hurudia.

Mara nyingi huanza kati ya miaka 12 na 14. Hatari huongezeka kwa aliyeteswa utotoni, anayeonewa shuleni, mwenye sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha), au mwenye rafiki anayejiumiza pia. Halafu kuna nyumba ambamo mtoto akilia anaambiwa "nyamaza!" Hili, kwa maoni yangu, tunalipuuza mno. Wavulana nao hujiumiza.

Lakini tusitulie kwa kuwa hakutaka kufa: anayejiumiza yuko katika hatari kubwa zaidi ya kujaribu kujiua baadaye. Kumchapa kunazidisha aibu tu. Mama mdogo akae naye faraghani, amuulize waziwazi, bila kelele. Kumuuliza hakumpandikizii wazo la kufa. Kisha wafuatane kwenye kituo cha afya, na sweta yake akiivaa, aachwe nayo.