Kupandisha na kushusha kalori: hesabu ni ya wiki nzima

Wengi wanaokuja kupunguza uzito siku hizi wananiuliza kuhusu kuzungusha kalori: leo ule kidogo, kesho uongeze, keshokutwa ushuke tena. Wameambiwa kwamba mwili ukizoea kiwango kimoja unagoma kupungua, kwa hiyo inabidi uuzuge. Mimi ni mtaalamu wa lishe, mpango huu naupenda na huwa naupanga na watu. Ila sababu hiyo waliyopewa siikubali.

Ni kweli kwamba ukila pungufu kwa muda mrefu mwili hubana matumizi. Mwaka 1945, Ancel Keys na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliwapunguzia chakula vijana wa kiume 36 kwa miezi sita. Vijana wale walipoteza karibu robo ya uzito wao, mapigo ya moyo yakapungua kasi, wakawa wanasikia baridi wakati wote na mawazo yao yote yakawa kwenye chakula. Lakini mabadiliko hayo yalijengeka kwa wiki na miezi. Sahani ya pilau ya Jumamosi moja haiwezi kuyafuta.

Kuna utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2017 ambao huwa naurudia. Ulifanyika Chicago, kwa watu 100 wenye uzito uliozidi, mwaka mzima. Kundi moja lilipangiwa kula asilimia 25 ya mahitaji yao siku moja na asilimia 125 siku inayofuata. Kundi la pili lilipangiwa asilimia 75 kila siku. Ukipiga hesabu, wastani ni uleule, na uzito uliopungua ukakaribiana sana: takriban asilimia 6 kwa wa kwanza na 5.3 kwa wa pili, wakilinganishwa na kundi ambalo halikubadilisha ulaji. Waliokata tamaa na kujitoa walikuwa wengi zaidi kwenye kundi la siku moja moja. Mabadiliko makali namna hiyo yanachosha.

Sasa kwa nini naupenda mpango huu? Kwa sababu wiki zetu haziko tambarare. Jumatatu hadi Ijumaa mtu yuko kazini, chakula chake kinajulikana. Jumamosi kuna harusi, au nyama choma na ndugu, na Jumapili mama kapika wali wa nazi. Chukua mtu ambaye mwili wake unatumia kalori 2,000 kwa siku. Anajibana kwa kalori 1,500 siku tano, kisha wikiendi njaa na shughuli zinampeleka hadi 3,200 kwa siku. Jumla ya wiki ni 13,900, wastani wa karibu 1,986 kwa siku. Ameteseka siku tano, na mzani hausogei. Anakuja kwangu akiamini mwili wake una tatizo.

Mtu huyohuyo namwambia ale 1,600 siku za kazi na 2,300 Jumamosi na Jumapili. Jumla inakuwa 12,600, wastani 1,800. Siku tano anakula zaidi ya alivyokuwa akila, harusini anakula bila woga, na uzito unapungua, taratibu.

Nikihitaji kumtoa kalori 200 kwa siku ya kazi, sianzii kwenye ugali. Naangalia sufuria na kikombe. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120. Vikombe vitatu vya chai, kila kimoja vijiko viwili vidogo vya sukari, vinaleta karibu 100. Hapo tumeshamaliza na sahani yake iko vilevile. Maharage, samaki, mayai au dagaa sivipunguzi siku yoyote, maana protini ndiyo inayolinda misuli na kushibisha.

Jumatatu asubuhi msipande mzani, tafadhali. Baada ya siku ya wali na soda mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu ya wanga huo hukaa na takriban gramu tatu za maji. Chumvi nayo huzuia maji. Unaweza kuona kilo nzima imeongezeka usiku mmoja, wakati mafuta ya kilo moja yangehitaji ziada ya kalori zaidi ya 7,000. Pima Ijumaa asubuhi kabla ya chai, ulinganishe na Ijumaa zilizopita.

Wapo ambao siwapangii hivi. Mjamzito na anayenyonyesha, hapana. Aliyewahi kuugua ugonjwa wa kujinyima chakula au kula kupita kiasi, hapana. Na mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenclamide asishushe chakula siku yoyote kabla ya kuonana na daktari wake, kwa sababu dozi ileile ikikutana na chakula kidogo, sukari inaweza kushuka ghafla hadi akazimia.