“Nimesikia ‘ta!’, imeshika”: dhana potofu za kufunga na kufungua tela bila utingo

Katika kila kundi la madereva ninaowanoa hakosekani mmoja, na mara nyingi ni yule mwenye miaka mingi barabarani, wa kuniambia kwamba tela likishika utalisikia. “Linasema ‘ta!’ mwalimu, unavuta kidogo, mambo yamekwisha.” Juzi nimeambiwa tena, na aliyeniambia anaendesha peke yake, hana utingo. Mtu asiye na jicho la pili ndiye anayetegemea sikio! Nimechoka kulijibu hili kwa mdomo.

Nazungumzia tela la semi, lile linalolala juu ya sahani ya chuma iliyo mgongoni mwa kichwa, yaani lori linalovuta, na kushikwa kwa kingpini, ule msumari mnene wa chuma ulio chini ya tela upande wa mbele. Tela la kuvutwa kwa ndoano lina mambo yake, si ya leo. Wanaovuta nyumba za magurudumu kwa pikapu yenye sahani kwenye bodi watakuta mengi ni yale yale, ila mzigo wao ni mdogo na breki za tela kwa kawaida ni za umeme, si za upepo.

“Ukisikia ‘ta!’ na ukivuta likagoma, limefunga”

Ule mlio ni chuma kimegonga chuma, basi. Mataya, yale makucha ya chuma yaliyo ndani ya sahani, yakijifunga kuizunguka kingpini yanalia hivyo, ni kweli. Lakini kingpini ikigonga mataya yaliyokuwa yamefungwa tangu tela lililopita, inalia pia. Ikipanda juu ya sahani na kudondokea upande wa mbele, inalia, tena kwa kishindo kizuri zaidi. Mataya yakijifunga nusu kwa sababu grisi ya zamani imeganda na mchanga, yatalia vilevile. Mlango ukigonga fremu unatoa sauti, lakini hakuna anayesema komeo limeingia kwa kuwa amesikia mlango.

Hapo ndipo ninapojibiwa: “Ndiyo maana tunavuta.” Vuta, sikukatazi, tena vuta mara mbili, taratibu, gia ya chini. Lakini elewa unachopima. Kuvuta kunakuonyesha kwamba tela limekataa kukuachia sasa hivi, mahali hapa tambarare, kwa nguvu hiyo ndogo. Hakukuonyeshi limeshikwa na nini.

Chukua tela lililoachwa juu mno. Kingpini ya kawaida, ile ya inchi 2, ina shingo ya takriban milimita 50, na chini ya shingo kuna kichwa kipana zaidi, kinachopita milimita 70. Mataya yanatakiwa yakumbatie shingo. Tela likiwa juu, kingpini inaingia ikiwa imening’inia, na mataya yanabana kile kichwa cha chini peke yake. Unavuta, linagoma. Unafurahi. Ukifika kwenye tuta la kwanza kichwa cha lori kinashuka, tela linabaki juu, na kingpini inachomoka bila kuaga. Au kingpini imeruka mataya yote na kukaa mbele ya sahani: ukivuta, inang’ang’ania ukingo wa sahani, tela linatikisika, wewe unaandika moyoni kwamba limeshika. Haitashika kwenye kona.

Kuna wanaovuta huku breki za tela zimeachiwa. Hao hata sijui wanapima nini. Tela lenye mzigo linaweka tani kadhaa juu ya sahani, na msuguano wa uzito huo unatosha kulikokota hatua mbili tatu hata kama hakuna taya lililofunga. Breki za tela lazima ziwe zimekaba, vinginevyo kuvuta kwako ni mchezo.

Kwa hiyo unafanya nini ukiwa peke yako? Unavuta hendbreki, unazima injini, unatia ufunguo mfukoni, unashuka na tochi. Kutazama kuje baada ya kuvuta, si kabla, kwa sababu kuvuta kunaweza kusogeza kitu kilichokuwa kimekaa vibaya.

Simama kwanza ubavuni, uinamishe kichwa hadi macho yawe usawa wa sahani. Bamba la tela, lile la chuma chini yake lililobeba kingpini, liwe limelala juu ya sahani moja kwa moja. Ukiona mwanga wa upande wa pili unapenya katikati yake, hata kama ni upana wa kidole, shughuli haijaisha. Kisha ingia nyuma ya sahani, umulike kooni kwake, pale penye upenyo wenye umbo la V. Futa grisi kwa kitambaa kama inazuia kuona, usiitie kidole. Unachotafuta ni shingo ya kingpini, ile sehemu iliyosuguliwa ikang’aa, na upande wako wa karibu uone chuma cha taya kimeikata njia, kimepita nyuma ya shingo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukiona shingo ikifuatwa na giza tupu, hujafunga, hata kama mlio ulisikika kijiji kizima. Mwisho ni hendeli ya kufungulia mataya: iwe imerudi ndani kabisa na kipini chake cha usalama kimeanguka mahali pake. Hendeli iliyochungulia nje kidogo ni mataya yaliyofunga kidogo. Nimeona dereva akiisukuma ndani kwa kisigino ili “ikae vizuri”. Hendeli haiyafungi mataya kwa kisigino. Toa kichwa, anza upya.

Na tochi iwe tochi, si simu. Simu ikiita ukiwa chini ya tela utaipokea, na ukimaliza kuongea utaamini umeshatazama. Ndiyo sheria yangu ninayoing’ang’ania kuliko zote, wanafunzi wanaicheka: ukikatizwa na chochote katikati ya kufunga au kufungua, hata na mtu anayekusalimia tu, unarudi hatua ya kwanza. Dereva mwenye utingo anaweza kuulizwa “umeangalia kipini?” Wewe wa peke yako hakuna wa kukuuliza.

“Mpira mwekundu ukichomolewa, tela haliendi popote”

Hii hainichoshi kama ile ya kwanza, lakini ndiyo inayoua madereva, kwa hiyo tulia hapa kidogo.

Ni kweli kwamba mpira mwekundu ndio unaolilisha tela upepo, na ukiuchomoa breki za tela zinakaba. Hatari iko unapouchomeka. Dereva anarudi rivasi, anafunga, anashuka kwenda kuunganisha mipira. Hakuvuta hendbreki ya kichwa kwa sababu tela lilikuwa limemshikia kila kitu, gari lilisimama lenyewe. Anachomeka mwekundu, upepo unaingia, breki za tela zinaachia, na sasa kichwa na tela vyote viko huru pamoja. Mteremko hauhitaji kuonekana kwa macho. Gari linaanza kutambaa, naye anakimbilia mlango ajirushe ndani. Wengine wanabanwa na ukuta au gari jingine, wengine wanaingia chini ya tairi. Akiwa na utingo ndani ya kabini pengine mtu angekanyaga breki. Akiwa peke yake, hakuna.

Hendbreki ya kichwa inavutwa kila unaposhuka. Si ukiona kuna mteremko au ukiwa huna haraka: kila unaposhuka. Na kama tela lina kitufe chake cha breki ya kuegesha, kitumie kabla ya kugusa mpira wowote, usiufanye mpira kuwa kitufe. Gari likianza kuondoka lenyewe usilikimbilie na usijaribu kulizuia kwa mwili. Piga kelele, ukae mbali nalo.

Halafu kuna matela ya zamani yasiyo na breki za springi, zile zinazokabwa na springi upepo ukiisha. Hayo yakinyimwa upepo yanakaba kwa kutumia akiba iliyomo kwenye tanki lake. Tanki linavuja, polepole, wala hulisikii. Uliliacha jioni limekaba, asubuhi halishikwi na kitu. Kabari mbele na nyuma ya tairi ndiyo dawa yake, na sioni sababu ya kutoiweka hata kwa tela jipya. Jiwe la mviringo ulilookota si kabari.

Usibadilishane mipira pia. Mwekundu ni wa kulisha. Wa pili, ambao ni wa njano kwenye mfumo wa Ulaya na wa buluu kwenye wa Marekani, ni wa kukanyagia, yaani wa breki unayoikanyaga kwa mguu. Ukiikosea, tela lenye springi litagoma kuondoka, na hapo una bahati. Lile la zamani lisilo na springi litaondoka nawe vizuri tu, bila breki.

“Bila utingo wa kuongoza huwezi”

Unaweza. Paki kichwa mbele ya tela, kinyooshe kabisa, si kwa pembe. Angalia vioo vyote viwili hadi uone kiasi sawa cha tela kushoto na kulia. Rudi hadi ukaribie, simama, shuka utazame urefu wa tela na usawa wa kingpini na koo la sahani, panda, malizia. Kushuka mara tatu si aibu. Kwa maoni yangu kufunga peke yako kuna salama yake moja: hakuna mtu amesimama katikati ya kichwa na tela akikuonyesha kwa mkono. Utingo anayeongoza kutoka katikati ni utingo anayengoja kubanwa. Ukiwa naye, asimame pembeni, mahali unapomwona kwenye kioo, na asipoonekana unasimama.

“Tela liwe juu kidogo ili kichwa kiingie laini”

Kinyume chake. Bamba la tela liwe chini kidogo ya kilele cha sahani, ili sahani ikigusa ilinyanyue tela kidogo inapoingia. Kuingia laini bila kugusa ndiko kunakozaa ile kingpini ya kuning’inia niliyoieleza. Chini mno nako si kuzuri, utalisukuma tela badala ya kuingia chini yake, au uvunje kitu nyuma ya kabini. Saspensheni ya upepo ya kichwa inakusaidia kurekebisha. Kama huna, kuna hendeli ya miguu inayolisimamisha tela likiwa halina kichwa, na jasho lako.

“Kingpini zote ni moja”

Kuna ya inchi 2 na kuna ya inchi 3.5, na mataya ya sahani yanatengenezwa kwa saizi mojawapo. Ukitumwa kuchukua tela usilolijua, pima kabla ya kurudi rivasi.

“Kufungua ni rahisi: vuta hendeli, ondoka”

Kufungua kuna mpangilio, na ukiuruka tela linapiga magoti mbele ya macho yako. Ardhi iwe tambarare na ngumu. Udongo uliolowa unameza miguu ya tela, na lami iliyopigwa na jua vilevile, kwa hiyo weka mbao pana chini yake. Breki kwanza, kabari, halafu miguu. Ishushe kwa gia nyepesi ya hendeli yake hadi iguse, kisha hamia gia nzito uongeze mizunguko michache, ili sehemu ya uzito ihamie kwenye miguu na tela lisishuke sahani ikitoka. Baada ya hapo mipira na waya wa taa. Vitundike mahali pake, visiburuzwe. Anayesahau mpira mmoja atakumbushwa na mlio wake ukikatika.

Sasa hendeli. Ikigoma watu wanatafuta nyundo. Acha nyundo. Hendeli inagoma kwa sababu kingpini inayasukuma mataya, gari lilisimama huku limevuta. Panda, rudi rivasi kidogo sana dhidi ya tela lililokaba breki, vuta hendbreki ukiwa bado umelisukuma, shuka ujaribu tena. Mara nyingi itatoka kwa mkono mmoja.

Ukiondoka, usiondoke. Sogea mbele kiasi cha kingpini kutoka kwenye mataya, sahani ikiwa bado iko chini ya tela, simama. Tazama miguu. Kama inazama au inapinda, tela litakaa juu ya sahani yako badala ya kuanguka chini. Ikiwa imara, shusha saspensheni kama unayo, ndipo utoke kabisa.

“Grisi haizidi”

Inazidi. Lundo la grisi nzee kooni linakusanya mchanga na kuzuia mataya yasijifunge mpaka mwisho, na linakuzibia hicho unachotakiwa kumulika. Osha, kisha paka kiasi. Na sahani zenye vipande vya plastiki ngumu juu yake hazitaki grisi usoni kabisa. Mataya na kingpini ndivyo bado vinaitaka. Tazama sahani yako kabla ya kuchota kopo.