Kumuuguza mzee nyumbani: tunayoambiana Moshi, na yalivyo

Mzee akiruhusiwa hospitali ya KCMC au Mawenzi baada ya kiharusi, kikao cha familia huwa kifupi. Nani anaishi karibu? Nani hana kazi? Yule binti wa kazi ni mpole? Ni mpole. Basi, kikao kimefungwa, watu wanarudi Dar es Salaam. Hapo imeshapita dhana iliyozaa nyingine zote: kwamba kuuguza ni moyo tu, na mwenye huruma atajua mwenyewe la kufanya.

Huruma inatakiwa, sikatai. Ila haimwambii mtu kwamba mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana. Majirani wakisikia mzee ana vidonda vya kulala hunong'ona kwamba haogeshwi. Si haki. Vidonda hivyo chanzo chake ni uzito: ngozi inabanwa kati ya mfupa na godoro mpaka damu inashindwa kupita. Jasho na mkojo huongeza kasi, lakini hata mgonjwa anayeoga mara mbili kwa siku atapata kidonda akiachwa chali tangu asubuhi mpaka jioni. Vinapenda pale mfupa ulipo karibu na ngozi, yaani chini ya kiuno juu kidogo ya makalio, nyongani na kwenye visigino.

Utaambiwa utafute wekundu. Kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu unaweza usionekane kabisa, kwa hiyo mhudumu anayejua kazi hutumia mkono. Wakati wa kuogesha anapitisha vidole taratibu, akitafuta mahali penye joto kuliko pembeni yake, pagumu au palipolegea isivyo kawaida, au palipoiva weusi kuliko jana. Akipapata, anamlaza mgonjwa upande mwingine na hapagusi. Wale wanaopasugua kwa mafuta "damu itembee" wanaumiza nyama ambayo tayari imechoka. Visigino havihitaji dawa ya ajabu: mto unawekwa chini ya vigimbi, visigino vinabaki hewani bila kugusa shuka.

Ya pili nimeisikia mezani mara nyingi: mgonjwa akipaliwa, mpe maji asukumie. Aliyepata kiharusi huyo maji yanaweza kumwingia mapafuni. Kiharusi huweza kuvuruga umezaji, na kitu chepesi kama maji au chai hukimbia kooni kabla njia ya hewa haijafungwa. Chakula kizito kilicho laini humezwa kwa utulivu zaidi, na hapa Wachaga tuna bahati ya mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, mradi usagwe sawasawa na vile vipande vya nyama visibaki. Hata hivyo uzito unaomfaa mgonjwa wako uelekezwe na waliompima hospitali, usiwe wa kukisia.

Namna ya kulisha nayo ina ufundi wake. Mgonjwa anakaa wima, halishwi akiwa ameegemea mto. Mhudumu naye anakaa, kwa sababu ukimlisha umesimama atainua kidevu kukutazama, na koo litakuwa wazi vibaya. Kijiko kidogo, angoje ameze, ndipo kingine. Mwisho anachungulia ndani ya shavu la upande uliopooza, maana chakula hujificha humo na mgonjwa hana habari. Asilazwe mpaka ipite nusu saa. Akikohoa kila akila, au sauti yake ikawa na majimaji baada ya kumeza, acha kumlisha umpeleke akaangaliwe. Wengine hawakohoi hata kidogo. Unashtukia homa na kifua.

Halafu kuna hii ya kumfanyia mzee kila kitu ili ionekane anaheshimiwa. Akigusa kijiko, ananyang'anywa. Misuli isiyotumika hupungua ndani ya siku chache, na mzee aliyetoka hospitali akijisimamia kidogo anaweza kupotezea uwezo huo nyumbani kwake, katikati ya watu wanaompenda. Mkono mmoja unafanya kazi? Aoshe uso mwenyewe, hata kama mtachelewa kunywa chai. Na anapoinuliwa, msimvute mkono uliopooza. Bega hilo limekosa misuli ya kulishika na linateguka kirahisi. Asogezwe ukingoni mwa kitanda, nyayo ziguse sakafu, ainame mbele, nawe umshike kiunoni huku umekunja magoti, mgongo wako usije ukawa mgonjwa wa pili.

Kuhusu dawa nitasema machache. Presha ikisoma vizuri, ni dawa inayoishikilia. Haiachwi kwa sababu hiyo. Na kidonge hakisagwi kwenye uji kabla ya kuuliza, kwa kuwa vingine vimetengenezwa viyeyuke polepole na ukivisaga dozi yote inaingia kwa mkupuo.

"Anaongea ovyo, ni uzee." Hapana. Kupoteza kumbukumbu kwa miaka ni jambo moja. Mzee aliyekutambua Jumapili na Jumanne anakuita jina la marehemu kaka yake, au aliyekuwa mchangamfu na sasa analala tu, ana kitu kipya: huenda ni maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji, sukari iliyoshuka au dawa mpya. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Ndiyo maana naweka daftari mbele ya upole. Mhudumu anayeandika amekula nini, amekojoa mara ngapi na amelalaje ndiye atakayeona badiliko mapema, na daktari atamshukuru.

Kwamba hii ni kazi ya wanawake, waulizeni wakwe. Kwa mila ya Kichaga kitindamimba wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, na mara nyingi mzigo unamwangukia mkewe. Baba mkwe kuogeshwa na mkamwana ni aibu kwa wote wawili, ingawa hakuna anayesema. Mtoto wa kiume ajifunze.

La mwisho linatugusa tunaoajiri. Tunaamini mhudumu mzuri halali, hachoki, hadai likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataja saa 45 za kazi za kawaida kwa wiki, saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki na likizo ya mwaka ya siku 28. Sasa hesabu: mgonjwa anageuzwa usiku kucha, na binti huyohuyo ndiye anayepika, anayefua na kupeleka watoto shule. Mtu wa pili wa zamu ya usiku anatakiwa, hata kama ni mpwa aliyekaa tu kule Kiboriloni. Na mnapomhoji mhudumu mpya, msimwulize kama anawapenda wazee, kila mtu atasema ndiyo. Mpeni mto na kitanda, awaonyeshe anavyomgeuza mtu.