Bomba la mafuta ghafi halichemki

Ule ujumbe unaorudi kila mara kwenye magrupu umenifikia tena: eti bomba la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, hubeba mafuta yanayochemka, hivyo litaunguza mashamba yaliyo juu yake.

Kupashwa joto ni kweli. Kuchemka si kweli. Mafuta hayo, yanayotoka eneo la Ziwa Albert huko Uganda, yana nta nyingi, na yakipoa kufikia joto la kawaida huganda kama samli asubuhi ya baridi. Ndiyo maana bomba, lenye urefu wa kilomita 1,443, limesanifiwa kuyaweka kwenye nyuzi joto 50 hivi ili yatiririke. Maji huchemka kwa nyuzi 100. Tena bomba limevikwa tabaka la kuzuia joto lisitoke, kisha likafukiwa ardhini.

Ukitaka kuhakiki, yeyusha kipande cha mshumaa ndani ya bakuli lililowekwa kwenye maji ya moto. Kitakuwa majimaji bila povu lolote la kuchemka.

Nadhani mkanganyiko unatokana na neno “kupasha”, maana jikoni tunapasha chakula hadi kitokote. Na marufuku ya kupanda miti juu ya njia ya bomba? Si kwa sababu ya joto, ni kwa sababu ya mizizi. Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.