Mto Unaanzia Shambani: Maneno Tunayoambiana Kusini, na Ukweli Wake

Kila kiangazi huku kusini mwa Tanzania, mchanga wa mto Lukuledi unapojitokeza na akina mama wakaanza kufukua visima vya mchangani kwa bakuli, husikika maneno yale yale. Mengi si kweli, na yanatupotezea maji.

"Sisi wa juu hatuna mto, hayo hayatuhusu."

Hili husemwa sana Newala na Tandahimba, nalo ndilo linaloniuma zaidi. Ni kweli, juu ya uwanda wa Makonde huoni mto. Udongo ni wa kichanga; mvua ikinyesha, inazama. Lakini haijapotea. Inashuka chini kwa chini na kutokea kwenye chemchemi na visima vya mabondeni. Mradi wa maji wa Makonde wenyewe huchota Mitema, kwenye bonde la Kitangari, kisha pampu huyapandisha maji hadi kwa watu wa juu. Anayefyeka msitu wa mteremkoni anajikatia maji ya bomba lake mwenyewe.

"Mvua zimepungua tu, binadamu hana la kufanya."

Mvua ina sehemu yake. Ila nenda katazame mashamba mawili yaliyopakana, baada ya mvua moja. La kwanza limefyekwa na kuchomwa moto ili kupanda ufuta: majivu yanaelea, maji yanakimbia mekundu, ukiyakinga kwenye glasi tope linatuama chini. La pili mabua na majani yameachwa yatandae: maji yanachuruzika polepole, na ukipiga jembe siku kadhaa baadaye, udongo bado mbichi. Shamba la kwanza limeupelekea mto mafuriko ya siku moja na mchanga wa kuuziba. La pili limeuwekea akiba ya kiangazi. Kwa hiyo mabaki yasichomwe, matuta yakate mteremko badala ya kushuka nao, na shamba lililopo lirutubishwe kabla ya kufungua pori jipya.

"Mita 60 ni ujanja wa kutunyang'anya ardhi."

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto. Naelewa uchungu wa mwenye bustani ya mboga ukingoni. Lakini ukingo uliolimwa ndio unaomeguka kwanza, na bustani ikaondoka nao.

"Mti ni mti, panda wowote."

Hapana. Mkaratusi hunywa maji mengi na haufai kando ya chemchemi. Mikuyu, mianzi na matete yaliyoota yenyewe ndiyo yanayoshika kingo, na kuyaacha hakugharimu hata shilingi.

"Utupa ni mmea tu, hauna madhara."

Utupa, mmea wa sumu unaopondwa na kutiwa mtoni ili kuvua samaki, hauchagui. Unaua samaki wa kitoweo cha leo pamoja na vifaranga wa mwakani. Vivyo hivyo kusuuza mtoni mashine ya kupulizia mikorosho: kijiji cha chini ndicho kinachokunywa dawa hiyo. Suuza shambani, mbali na maji.

"Mto una wenyewe, bodi ya maji."

Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye makao yake Mtwara, inasimamia Ruvuma, Lukuledi, Mbwemkuru, Matandu na mito mingine. Haiwezi kulala kando ya kila kijito. Ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inawaruhusu wananchi kuunda jumuiya za watumia maji, na kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo za kulinda vyanzo vyake. Pelekeni ajenda hiyo kwenye mkutano mkuu wa kijiji mapema, kabla moto wa kuandaa mashamba haujawashwa.