Nadharia Mbadala za Mvutano na Kupanuka kwa Ulimwengu

Ulimwengu unapanuka, na tangu 1998 inafahamika pia kwamba kasi ya upanukaji huo inaongezeka. Makundi mawili ya wanaastronomia yaliyokuwa yakipima mwangaza wa supanova za mbali yalikuta zimefifia kuliko ilivyotarajiwa, ilhali mvutano wa maada yote iliyopo ulipaswa kuupunguza mwendo huo. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba anga imejaa nishati ya giza, nishati isiyojulikana asili yake inayosukuma upanukaji, ambayo hukadiriwa kuwa asilimia 68 hivi ya vyote vilivyomo ulimwenguni. Wapo, hata hivyo, wanaoshuku kwamba kilichopungua si kitu angani bali ni kanuni yetu ya mvutano.

Shaka hiyo si ya kubezwa, kwa kuwa historia imewahi kuzipa haki pande zote mbili. Sayari ya Uranus ilipoonekana kukiuka njia yake, Urbain Le Verrier alikokotoa mahali pa sayari nyingine isiyojulikana, na Neptune ikaonwa mwaka 1846. Alipotumia hoja hiyohiyo kwa Utaridi, sayari aliyoitabiri haikupatikana kamwe. Tofauti iliyoonekana katika mzunguko wa Utaridi, ya sekunde 43 za tao (sekunde moja ya tao ni sehemu ya 3,600 ya digrii) kwa karne, ilikuja kuelezwa mwaka 1915 na Albert Einstein, aliyeleta kanuni mpya ya mvutano.

Mbadala unaojulikana zaidi, ambao Mordehai Milgrom aliutoa mwaka 1983, hubadili mvutano pale unapokuwa dhaifu mno. Unaeleza vizuri mizunguko ya galaksi bila kuhitaji maada ya giza, yaani maada isiyoonekana inayodhaniwa kuwapo, lakini hulegea katika makundi makubwa ya galaksi, na wenyewe haukukusudiwa kueleza upanukaji.

Nadharia zinazolenga upanukaji kwa kawaida huongeza uga mpya (kitu kilichoenea angani kote chenye thamani kila mahali) unaoshirikiana na mvutano. Ugumu wake ni kwamba karibu na Jua uga huo lazima ujifiche, kwa sababu vipimo vya mawimbi ya redio ya chombo cha anga cha Cassini, vilivyotangazwa mwaka 2003, viliafikiana na Einstein kwa usahihi mkubwa sana. Kihisabati kujificha huko kunawezekana, ingawa kwa maoni yangu kila maficho yanayoongezwa huipunguzia nadharia mvuto wake.

Pigo kubwa zaidi lilikuja tarehe 17 Agosti 2017. Vituo vya LIGO nchini Marekani na Virgo nchini Italia vilinasa mawimbi ya mvutano, yaani mitetemo ya anga yenyewe, kutoka kwa nyota mbili za nyutroni (mabaki mazito mno ya nyota) zilizogongana umbali wa miaka ya nuru milioni 130 hivi, na sekunde 1.7 baadaye miali ya gamma ya mgongano huohuo ikafika. Baada ya safari ndefu kiasi hicho, tofauti hiyo ndogo ilionyesha kwamba mvutano husafiri kwa mwendo wa nuru, au karibu nao kiasi kwamba tofauti yoyote haizidi sehemu chache katika sehemu milioni bilioni moja. Nadharia kadhaa zilizotaka kueleza ongezeko la kasi ya upanukaji zilitabiri mwendo tofauti, nazo zikaanguka siku hiyo.

Zilizosalia haziwezi kutenganishwa na nishati ya giza kwa kupima upanukaji peke yake, maana zote mbili zinaweza kutoa historia ileile ya upanukaji. Zinapotofautiana ni katika namna maada inavyojikusanya: mvutano uliobadilishwa huyakuza makundi ya galaksi kwa kasi nyingine. Ukuaji huo, pamoja na jinsi taswira za galaksi za mbali zinavyopindwa na maada iliyo njiani, ndio unaopimwa sasa na darubini ya Euclid ya Shirika la Anga la Ulaya, iliyorushwa Julai 2023.